Fahamu: Nani hulinda makaburi ya ukoo shambani?

Katika mashamba ya Kahama na Geita kuna makaburi yasiyo na msalaba wala saruji, mawe machache tu na minyaa ya ua wa zamani. Wasukuma wengi walizika nyumbani. Kisha kaya zikahama. Operesheni Vijiji ya 1974, iliyowahamishia watu vijijini, iliwaacha wafu kwenye mahame, na kaya nyingine zikafuata malisho hadi Katavi.

Ardhi ikihitajika kwa manufaa ya umma, hutumika Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969. Kinacholipwa ni gharama: kufukua, kusafirisha, kuzika upya, hata tambiko la kuwatuliza marehemu. Uchungu haulipwi. Mwenye leseni ya madini naye, kwa Sheria ya Madini ya 2010, haruhusiwi kugusa eneo la maziko bila kibali cha maandishi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haisaidii sana. Inalinda zaidi vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kwa kipimo hicho babu yako alizikwa juzi.

Ila mthamini wa fidia huhesabu anachoonyeshwa. Kaburi lisilo na alama, wala mzee wa kulitaja, mbele ya tingatinga ni udongo tu. Wapelekeni wazee shambani wangali na nguvu, wekeni jiwe lenye jina. Mkiomba hati ya hakimiliki ya kimila, hakikisheni makaburi yanaonekana kwenye mchoro. Na mkiuza shamba, njia ya kufika makaburini iandikwe kwenye mkataba, mbele ya mtendaji wa kijiji. Mnunuzi mwenyewe mara nyingi hakatai. Wanaokuja kukataa ni warithi wake.