Zao Lisilongoja

Mkulima wa miraa wa Igembe, Meru, hubahatisha kila anapochuma. Zao likikaa siku mbili hivi hupoteza makali na bei, ndiyo maana pikapu kutoka mji wa Maua hukimbizwa kwa kasi ya kutisha ziwahi ndege Nairobi.

Barabara si hatari pekee. Uingereza ilipiga marufuku miraa Juni 2014. Somalia, mnunuzi mkubwa, ilifunga soko mwaka 2020, ikalifungua tena Julai 2022.

Huko Embu, wakulima wa Mbeere wanaolima muguka, aina ya miraa, walitikiswa Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipoikataza. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo kwa muda.

Hata hivyo wengi hawaing'oi: muguka huvumilia ukame ambao hukausha mahindi shambani.