Kushusha Pikipiki: Faida Yake na Hatari Yake

Apitaye River Road, Nairobi, huona pikipiki nyingi za bodaboda zikipenya kati ya matatu na mikokoteni. Mwendeshaji mfupi, ambaye miguu yake haifiki chini vema, hutamani pikipiki yake ishushwe. Haja hiyo ni ya haki, kwani katika msongamano asiyekanyaga ardhi sawasawa aweza kuanguka pamoja na abiria wake. Lakini yafaa ajue kwamba springi hazikuwekwa kwa ajili ya kimo tu. Ndizo zinazolishikisha gurudumu barabarani.

Akishusha nyuma peke yake, usukani huwa mzito kugeuka, na gurudumu la mbele hupungukiwa na uzito. Akishusha mbele peke yake, usukani hugeuka upesi mno, nayo pikipiki huyumba ikienda mbio. Hata akishusha pande zote mbili, vikanyagio hukaribia ardhi na kukwaruza katika kona. Springi nazo, zikiwa na nafasi ndogo ya kubonyea, hufika mwisho kwa kishindo penye shimo, hasa abiria akiwapo. Tena stendi ya pembeni isipofupishwa, pikipiki husimama wima mno, na kusukumwa kidogo kwaweza kuiangusha.

Basi, njia iliyo salama ni kuanza na kiti: fundi apunguze sponji yake, springi ziachwe kama zilivyo. Ikiwa hapana budi kushusha, mbele na nyuma zishushwe kwa kadiri inayolingana, mnyororo ukaguliwe, na pikipiki ijaribiwe polepole kabla ya kupakia mtu.