Mada Moja, Wenyeji kwa Zamu

Mvua ya mawe ikishuka Kericho usiku, asubuhi kila mtu huamka na habari yake. Mwenye shamba anatazama majani yaliyochanika. Mchuma chai wa shamba kubwa anawaza siku atakazokaa bila kilo za kulipwa. Dereva wa lori la majani tayari anajua vituo ambavyo hatapitia. Gazeti la Nairobi, likikumbuka kuandika, hutoa aya moja: mvua imeharibu chai. Mimi ni mwanablogu wa Litein, na ninaamini habari ile haiwezi kuelezwa yote na mwandishi mmoja, hata awe hodari namna gani. Inataka watu kadhaa wakubaliane kuandika juu ya jambo lile lile, kila mmoja kutoka pale alipo, kisha maandishi yao yasomwe pamoja.

Utaratibu huu una historia. Mwaka 2002 wanablogu wa Marekani walianza kukusanya makala zao kwa zamu, wakiita mikusanyo hiyo kanivali: safari hii mwenyeji ni huyu, safari ijayo yule. Baadaye zikaja kanivali za chakula, za sheria, za historia. Hapa Kenya, Daudi Were alianzisha mwaka 2004 mduara wa blogu za Wakenya, ambamo msomaji aliyemaliza ukurasa mmoja aliweza kupita hadi wa jirani yake. Mwaka 2013 waandishi vijana wa Afrika waliokutana Nairobi waliunda kundi la Jalada, wakawa wanatoa mikusanyo yenye mada. Mnamo Machi 2016 walichukua hadithi moja tu, ile aliyoiandika Ngũgĩ wa Thiong'o kwa Kikuyu kueleza kwa nini binadamu hutembea wima, wakaitoa katika lugha zaidi ya 30. Leo imevuka 100. Hapo mada ilikuwa hadithi yenyewe, na kila mfasiri alikuja na lugha yake.

Kundi letu, linalofuata utaratibu huo, halina jina wala ofisi. Lina walimu, mkulima au wawili, muuguzi, na vijana waliomaliza chuo wakarudi Sotik na Kapkatet kusubiri kazi. Kila raundi ina mwenyeji wake, ambaye hutangaza mada na siku ya mwisho kwenye WhatsApp. Kila mtu huandika na kuchapisha kwenye blogu yake mwenyewe, kisha humtumia mwenyeji kiungo. Mwenyeji husoma zote na kuandika utangulizi unaompeleka msomaji kutoka makala moja hadi nyingine, na kila mwandishi huweka chini ya makala yake kiungo cha kurudi kwenye utangulizi huo. Hivyo msomaji aliyekuja kwa sababu ya binamu yake muuguzi huondoka akiwa amemsoma mkulima wa Konoin ambaye hakuwahi kumsikia. Mwenyeji hana ruhusa ya kubadili sentensi ya mtu bila kumuuliza. Majina ya watu binafsi tunayaficha, kwa maana huku kila mtu anamjua mwenzake.

Mada lazima iwe nyembamba. Ukitangaza "maendeleo", utaletewa hotuba. Ukiuliza bonasi ya chai ya Oktoba iliendea wapi, watu watafungua madaftari. Katika raundi ya bonasi, mmoja alieleza kwa utulivu jambo linalotuuma kila mwaka: kwa nini mkulima wa magharibi ya Bonde la Ufa hupata kidogo kwa kilo kuliko mwenzake wa Murang'a au Kirinyaga. Mwingine aliandika karo tu, shilingi kwa shilingi. Ukizisoma mfululizo, hesabu ya kwanza inaanza kuuma kwenye ya pili.

Raundi ya mvua ya mawe ilitufundisha mengi. Mwalimu wa jiografia alieleza kwamba pepo zenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda kuelekea nyanda za Mau na kukutana na pepo za mashariki, ndiyo maana Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na mvua hiyo duniani. Kijana mmoja alikwenda kumhoji kogo wake, yaani nyanya yake, naye akakumbuka ndege zilizokuwa zikiruka kuelekea kwenye mawingu. Tulidhani ni ndoto za uzee, mpaka mwalimu alipotuonyesha kwamba kweli, miaka ya 1960 na 1970, ndege zilitumika hapa kumwaga kemikali mawinguni ili kuikinga chai. Mwenyeji aliziweka makala hizo mbili bega kwa bega. Kogo huyo, aliyesomewa zote kwa sauti, alifurahi mno kuona kumbukumbu yake ina shahidi.

Lakini raundi ninayoithamini kuliko zote ilikuwa ya mashine, na mwenyeji nilikuwa mimi. Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika mashamba makubwa ya Kericho, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ilizungumza juu yetu kama watu wenye hasira tu. Nilipokea makala ya mama aliyechuma kwa mikono tangu usichana wake, akijua kwa vidole majani mawili na chipukizi, ambaye kazi yake ilikwisha mashine zilipoingia. Nilipokea pia ya kijana anayeendesha mashine hiyo. Hubebwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, na mgongo wa kijana humuuma usiku. Mshahara wake unawalisha wadogo zake wanne. Baadhi ya wenzetu walitaka nimwache nje. Nilikataa, na ningekataa tena leo. Niliwaweka wa kwanza na wa pili, mama kisha kijana, na katika utangulizi sikutoa hukumu. Nilieleza tu kwamba wote wawili wametoka kata moja. Mama alimpigia kijana simu, wakazungumza muda mrefu. Waliyoambiana ni yao.

Kinachonisumbua ni kwamba viungo hufa. Mwenye blogu akishindwa kulipia jina la tovuti yake, utangulizi mzuri hubaki ukielekeza kwenye ukurasa mtupu, na kurasa nyingi za wanablogu wa Kenya wa miaka ile ya 2004 hazifunguki leo. Kwa hiyo sasa kila raundi ikifungwa tunahifadhi nakala za kurasa zote kwenye hazina ya Internet Archive, ambayo ni ya bure, na mmoja wetu hupiga chapa nakala chache za karatasi. Mtu yeyote anayeanzisha kundi la namna hii afanye hivyo tangu raundi ya kwanza.

Sasa tunajadiliana kuhusu lugha. Raundi ijayo mada ni namba ya mkulima, ile ambayo malipo ya majani hupitia, na ambayo katika nyumba nyingi iko kwa jina la mume hata kama anayebeba kikapu ni mke. Mwenyeji ni mama wa upande wa Bomet ambaye fikra zake hutiririka kwa Kikipsigis. Tumekubaliana aandike utangulizi kwa lugha hiyo hiyo, na wawili wetu tutautafsiri kwa Kiswahili. Wengine walitaka tafsiri itangulie ili wasomaji wa mbali wasikate tamaa. Yeye amesema maneno yake yakae juu na tafsiri ifuate chini, na kwa kuwa zamu ni yake, ndivyo itakavyokuwa.