UFAFANUZI KUHUSU UFUTAJI WA KUMBUKUMBU ZA ZAMANI ZA MITAMBO YA KOMPYUTA

Watumishi wa umma na wananchi kwa jumla wanapewa ufafanuzi ufuatao.

Kila mtambo wa kompyuta unaotoa huduma hujiandikia kumbukumbu za matukio: aliyeingia, saa aliyoingia, jalada alilolifungua na hitilafu iliyotokea. Kumbukumbu hizo ni mfano wa daftari la mlinzi wa lango. Kwa afisi inayokodi huduma za wingu, yaani kompyuta za kampuni zilizoko mbali na kufikiwa kwa intaneti, daftari hilo hukua bila ya mtu kuliona.

Athari zake ni mbili. Kwanza ni gharama, kwani kampuni hutoza kila mwezi kwa kadiri ya maandishi yaliyohifadhiwa. Katika huduma ya Amazon CloudWatch Logs, kumbukumbu hazifutwi kamwe iwapo mwenyewe hakuweka muda. Pili, kumbukumbu huweza kuwa na majina ya watumiaji, na kuzirundika bila ya sababu ni kuziweka siri za watu hatarini.

Kufuta kwa mkono hakufai, kwa kuwa husahauliwa au hufanywa kwa pupa. Njia iliyo bora ni kuupa mtambo kanuni ya kufuta wenyewe. CloudWatch hupokea muda wa kuanzia siku 1 hadi miaka 10, na maandishi yaliyopitwa na muda kwa kawaida huondolewa ndani ya saa 72. Google Cloud huhifadhi kumbukumbu za kawaida kwa siku 30 iwapo hakukuwekwa muda mwengine, na kumbukumbu za shughuli za usimamizi kwa siku 400.

Hata hivyo, kilichofutwa hakirudi. Mwezi wa Disemba 2020 iligunduliwa kuwa programu ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani ilikuwa imetiwa hila na wadukuzi, na kwamba nakala mbovu zilikuwa zikisambazwa tangu Machi mwaka huo. Afisi iliyokuwa ikifuta kila baada ya siku 30 ilikuwa imekwisha kuuteketeza ushahidi wa mwanzo. Mwezi wa Agosti 2021, Serikali ya Marekani iliziagiza taasisi zake kuweka kumbukumbu muhimu miezi 12 mahali pa kusomeka mara moja, na miezi 18 zaidi katika ghala.

Hivyo basi, kabla ya kuweka kanuni inapasa:

(a) kumbukumbu za usalama na za fedha zitengwe na zile za hitilafu za kila siku;

(b) muda wa kila aina uamuliwe kwa maandishi na mkuu wa afisi kwa mujibu wa sheria, wala asiachiwe fundi peke yake;

(c) kumbukumbu zinazohusu shauri au uchunguzi zisimamishiwe ufutaji;

(d) kanuni ijaribiwe kwanza kwa fungu dogo.

Aidha, ieleweke kuwa barua, hati na mikataba si kumbukumbu za mtambo. Hizo ni nyaraka rasmi, na huendelea kufuata utaratibu wa masjala.

Mtambo hufuta kama ulivyoamriwa. Dhamana ya amri hubaki kwa afisi.