Namna Mikrobi wa Kijani Wanavyojikinga na Ukali wa Jua

Kila mtu aliyekaa Lubutu anaujua utando wa kijani unaoota penye unyevu: juu ya ukuta wa matofali usiokauka, ukingoni mwa pipa la mvua, juu ya mawe ya mtoni. Tunauita uchafu, tunausugua kwa ufagio. Lakini mara nyingi ndani yake wamo viumbe wadogo mno, wasioonekana kwa macho, ambao wafundi wanawaita sianobakteri. Ni mikrobi, walakini wanaishi kwa mwanga wa jua sawasawa na majani ya muhogo. Tena walianza kazi hiyo zamani sana kabla ya majani yote: oksijeni tunayoipumua ilianza kujaa hewani kwa kazi yao, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita.

Shuleni tunawafundisha watoto kwamba mmea unahitaji jua. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mche wa kahawa uliokuzwa kivulini, ukitolewa ghafula kwenye jua la saa sita, majani yake yanageuka meupe na kukauka hata kama udongo una maji. Nuru yenyewe imeuchoma. Tukijua namna mikrobi hawa wanavyoepuka kuchomwa, tutaelewa mambo ya mche huo, na pia jambo moja linalogusa uzima wa watu katika vijiji vyetu, yaani maji ya kunywa.

Ndani ya sianobakteri mna rangi ya kijani, klorofili, na karibu nayo mna rangi nyingine zinazonasa mwanga mfano wa nyavu. Mwanga ukinaswa, nguvu yake inaifikia klorofili, na klorofili inasukuma elektroni, yaani chembe ndogo sana ya umeme. Elektroni hizo zinatolewa katika maji, ndipo oksijeni ya maji inabaki huru na kutoka. Kisha molekuli moja inampokea mgeni huyo, inampa ya pili, ya pili inampa ya tatu, hata mwisho nguvu yake inatumika kutengeneza sukari kwa gesi ya kaboni.

Tufikiri watu waliosimama safu moja, wakipokezana makaa ya moto juu ya vigae mpaka mafigani. Kila mtu akipokea na kutoa kwa wakati wake, makaa yanafika na chakula kinaiva. Lakini mwanga unakuja upesi mno, na jiko la sukari linakwenda polepole. Jua likitoka ghafula nyuma ya wingu, makaa yanaongezeka mara nyingi, na jiko ni lile lile. Wa mwisho wana mikono iliyojaa, na wa kwanza wanazidi kuletewa. Basi makaa yanaanguka kwenye matiti makavu.

Matiti hayo ni oksijeni. Klorofili isiyopata pa kupeleka nguvu yake inaitia katika oksijeni iliyo karibu, nayo inakuwa kali. Ama tena, mwishoni mwa safu, elektroni moja inairukia oksijeni na kuzaa ukali wa namna nyingine. Oksijeni kali inaharibu proteini, inaharibu mafuta ya ngozi ya chembe hai, hata ADN. Na tazameni taabu ya sianobakteri: oksijeni hiyo wanaitengeneza wenyewe, pale pale penye moto.

Haya hayakusemwa kwa kukisia. Mwaka wa 1955, kule California, Griffiths, Sistrom, Cohen-Bazire na Stanier walichunguza bakteri wa rangi ya zambarau. Hao ni mikrobi wengine walao mwanga, wakaao katika matope na maji yaliyotuama; hawatoi oksijeni, na hukua kwa mwanga pasipo hewa. Wafundi hao walipata kabila moja la bakteri waliokosa karotenoidi, yaani rangi za jamii ile inayoyatia mawese wekundu wake. Walipowaweka kwenye mwanga bila hewa, wakakua vizuri. Gizani penye hewa hawakufa. Lakini mwanga na hewa vilipokutana, wakafa. Wenzao wenye karotenoidi hawakudhurika. Ndipo ilipojulikana kwamba rangi hizo si pambo. Zinapokea nguvu iliyozidi na kuigeuza joto tupu.

Sianobakteri nao wanazo karotenoidi, lakini wana pia ufundi mwingine. Mwaka wa 1981 Holt na Krogmann, huko Marekani, walitoa katika mikrobi hao proteini ya rangi ya chungwa. Kazi yake haikujulikana mara moja. Mwaka wa 2006 Diana Kirilovsky na wenzake, huko Ufaransa, waliionyesha wazi. Katika mwanga hafifu proteini hiyo inakaa bila kazi. Mwanga mkali ukiipiga, inageuka nyekundu, inajishika kwenye nyavu za kunasa mwanga, na sehemu kubwa ya nguvu inatoka kama joto kabla haijafika kwenye klorofili. Jua likipungua, proteini nyingine inaibandua. Mlango unafungwa na kufunguliwa kwa dakika chache tu.

Makaa yaliyokwisha kuingia katika safu yanahitaji dawa nyingine. Baadhi ya elektroni zinarudishwa nyuma, zikazunguka na kufanya kazi bila kufika kwenye sukari. Nyingine zinapelekwa kwa oksijeni kwa makusudi. Mtu atashangaa: je, oksijeni siyo matiti makavu? Ndiyo, lakini kuna proteini mbili, Flv1 na Flv3, ambazo zinaipa oksijeni elektroni kwa hesabu kamili, nne kwa molekuli moja, nayo inakuwa maji yasiyo na ukali wowote. Hatari ilikuwa katika kutoa moja moja. Mwaka wa 2013 Yagut Allahverdiyeva na wenzake, huko Finland, waliwachunguza sianobakteri waliokosa proteini hizo. Katika mwanga usiobadilika walikua kama wengine. Mwanga ulipofanywa hafifu na mkali kwa zamu, walishindwa. Kwa hiyo kinachoua zaidi ni jua linaloruka-ruka, kama hili letu la Lubutu penye mawingu na matawi ya msitu. Mimea midogo laini iliyofunika mawe ya mtoni bado ina Flv. Muhogo, kahawa na miti yote yenye maua haina, inajikinga kwa njia nyingine.

Hata hivyo kuharibika hakukosi. Kuna proteini moja katika mtambo wa klorofili inayoungua kila siku. Chembe inaitoa na kutia mpya, tena na tena.

Hapa tuwaambie wenzetu wahubiri neno moja. Wengine wakisikia mambo kama haya wanakimbilia kusema: wafundi hawawezi kuyaeleza, basi ni Mungu. Lakini wafundi wameyaeleza, na kesho wataeleza zaidi. Mkristu aliyefundishwa kumtafuta Mungu katika yasiyojulikana tu, atamwona Mungu anapungua kila mwaka. Mtakatifu Toma alifundisha kwamba Mungu hutenda kwa njia ya visababu alivyoviumba. Proteini ya rangi ya chungwa haimnyang'anyi Muumba chochote.

Sasa turudi kwenye maji. Mikrobi wa kuhara na wa kolera wanaishi gizani tumboni, nao hawana nyavu wala ulinzi mwingi wa namna hii. Lakini wana molekuli zao zinazonasa mwanga, nazo zikipigwa na jua zinatia nguvu katika oksijeni, na chembe inaungua. Aftim Acra wa Beirut alianza kuitumia njia hiyo kusafisha maji karibu na mwaka wa 1980. Kwa Wamasai wa Kenya, Ronán Conroy na wenzake walilinganisha watoto ambao chupa zao ziliwekwa juu ya paa na wale ambao zao zilibaki ndani ya nyumba. Katika habari walizotoa mwaka wa 1996 na 2001, waliokunywa maji ya paani walipungukiwa na kuhara, na kolera ilipofika, walio chini ya miaka 6 waliugua kidogo kuliko wenzao.

Katekista anaweza kuonyesha namna hii: chupa ya plastiki nyeupe, safi, isiyozidi lita 2, ijazwe maji maangavu. Ukiisimamisha juu ya gazeti na kutazama kutoka mdomoni, herufi kubwa zisomeke. Kama hazisomeki, maji yachujwe kwanza. Ilazwe juani saa 6 nzima. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya mbingu, siku 2. Siku za mvua isiyokatika, njia hii haifai, maji yachemshwe. Na chupa ikianza kuwa ya kijani ndani, isitegemewe tena: hao wa kijani hawafi upesi kwa jua, na utando wao unazuia mwanga usiwafikie wale tunaotaka wafe.