Msitu Ndani ya Chujio la Hewa

Msomaji wa Kasulu ana Subaru Forester ya tabo, ya injini ya lita 2.0, iliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu. Muuza spea amemwonyesha chujio la koni, la pamba iliyopakwa oili, linalooshwa na kurudishwa. Ameambiwa gari litapumua vizuri na kuongeza nguvu. Anauliza: alifunge, au abaki na la karatasi?

Tabo yenyewe sitaieleza. Mafundi wa Kasulu na Kibondo wamezifungua nyingi. Nianze na hesabu. Petroli huungua vizuri ikipata hewa yenye uzito mara 14.7 ya uzito wake. Katika nyanda za juu za Kigoma, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hiyo ni takriban lita 10,000 za hewa kwa kila lita ya petroli. Choma lita 10, na lita 100,000 za hewa zimepita kwenye kile kipande cha karatasi. Sasa fuata nyuma ya lori linaloelekea kambi ya Nyarugusu mwezi wa Agosti, uone ni hewa ya namna gani. Ule udongo mwekundu una chembe za silika, ngumu kuliko chuma cha silinda. Na kabla hazijafika kwenye silinda zinakutana na feni ya tabo, ya alumini, inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Makali ya mapanga yake ndiyo huanza kulika.

Wengi tunadhani chujio ni chekeche: tundu dogo, vumbi kubwa, basi. Lingekuwa chekeche, injini ingekosa hewa. Chini ya hadubini, karatasi ya chujio ni nyuzi zilizolaliana ovyo, na nafasi kati yake ni za makumi ya mikroni, mikroni ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita. Hata hivyo chembe za mikroni 5 hunaswa. Zinanaswaje na mlango uko wazi?

Hapo ndipo pananifurahisha. Chukua msitu wa misindano kwenye mteremko, miti imeota bila mstari na hakuna njia. Upepo unapita humo bila taabu, unakunja kona kila penye shina. Wa kwanza kuingia ni kijana wa baiskeli, amepakia mikungu minne ya ndizi na breki hazishiki. Upepo ukikunja kona, yeye hawezi. Uzito unampeleka moja kwa moja hadi kwenye shina. Hizo ni chembe kubwa, na kadiri zinavyokuja kwa kasi ndivyo zinavyogonga kwa uhakika zaidi.

Wa pili ni mama aliyebeba mzigo wa kuni kichwani, umekaa upandeupande. Anatembea taratibu, anafuata kila kona ya upepo, mwili wake unapita. Ila kuni zimetokeza huku na huku, na ncha moja inagusa shina. Hizo ni chembe za kati.

Wa tatu ametoka kwenye pombe ya ndizi. Ni mwembamba, hana mzigo, angeweza kupita popote. Lakini hatua mbili kushoto, moja nyuma, tatu kulia. Mpe msitu mnene na muda wa kutosha, atalikuta shina tu. Na kadiri anavyokwenda polepole ndivyo nafasi yake ya kupona inavyopungua. Hizo ni chembe ndogo kabisa, zinazosukumwasukumwa na molekuli za hewa. Na katika msitu huu mtu akigusa shina haondoki: kwa vitu vidogo kiasi hicho, nguvu za mvutano kati ya molekuli zinatosha kumbandika hapo hapo.

Mwendo wa huyu wa tatu aliuona Robert Brown mwaka 1827 akiwa kwenye hadubini yake na chembe zilizotoka ndani ya chavua, na Einstein akaupigia hesabu mwaka 1905. Vitabu huuita mtawanyiko, neno linalonipa picha ya watu wanaotoka mkutanoni. Mimi nitauita mzururo.

Yupo basi anayepita? Yupo: mwenye kiasi. Si mzito wa kugonga, hana mzigo wa kukwama, na hajalewa. Irving Langmuir, mkemia wa Marekani, alilipigia hesabu jambo hili wakati wa Vita Kuu ya Pili, akishughulikia vinyago vya kuzuia sumu. Chembe ngumu kunasa ni zile za karibu mikroni 0.3, ndiyo maana barakoa nzuri hupimwa kwa ukubwa huo. Zilizo ndogo zaidi zinanaswa vizuri kuliko hizo. Kweli, vumbi linalokula ringi za pistoni ni kubwa kuliko hapo, kwa hiyo mlevi wetu hana kazi kubwa kwenye Forester. Nimemleta kwa sababu anapendeza.

Walionaswa nao wanageuka kuwa mashina. Vumbi lililoganda kwenye karatasi linanasa vumbi linalofuata, hivyo chujio lililotumika kidogo huchuja vizuri kuliko jipya, hadi litakapoziba na tabo kuanza kuvuta kwa shida, hata kunyonya oili kupitia sili zake. Ndiyo sababu siipendi kompresa ya gereji. Ule upepo mkali wa kila wiki unang'oa mashina mapya na kuchana ya zamani, kisha mwenye gari anafurahi karatasi imekuwa nyeupe.

Turudi kwenye koni. Kupitisha hewa kirahisi ni kupunguza miti. Oili inasaidia kubandika, lakini ikizidi kidogo baada ya kuosha inarushwa hadi kwenye kihisi cha hewa, waya wa moto unaoiambia kompyuta ni hewa kiasi gani imeingia. Ukipakwa oili, unasema uongo. Tena koni iliyo wazi inavuta hewa ya moto ya chini ya boneti, na nyuzi joto 10 zaidi ni hasara ya kama asilimia 3 ya hewa. Lile tundu la juu ya boneti halitaisaidia: linapooza intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, halilishi injini.

Hata kipimo cha kimataifa cha machujio, ISO 5011, hutumia vumbi la maabara ambalo asili yake ni jangwa la Arizona. Asilimia zilizoandikwa kwenye pakiti ya chujio ni za huko.

Abaki na karatasi, ndani ya boksi lake la awali, na fedha ya koni anunue za kubadilisha mara mbili au tatu kila kiangazi. Akifunga, apitishe kidole kwenye mpira wa ukingo kuona kama umekaa pande zote. Baada ya wiki afungue bomba lililo kati ya chujio na tabo, afute ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka chekundu, hewa inapita pembeni, na aina ya chujio aliyonunua haijalishi tena.