Kabati la Kilo 250 Kulipiwa Tani Tatu: Nauli ya Meli Huhesabiwaje?

Juzi halati yangu aliniita kwake akanionyesha ankra ya kabati alilomnunulia bintiye anayeolewa. Kabati lilitoka Dubai kwa meli, limeshaungwa, na halikutiwa ndani ya kontena. "Mwanangu," akaniambia, "kabati lenyewe kilo 250, nalipishwa tani tatu na ushei. Huu si wizi?"

Nilichukua tepu nikalipima. Haukuwa wizi. Ilikuwa hesabu ambayo wengi wetu huijua baada ya kulipa.

Meli huuza vitu viwili, uzito na nafasi. Ukiijaza magodoro, ngamani hamtabaki pa kuweka mguu ilhali uzito bado ni mdogo. Ukiijaza vyuma, itazama hadi kikomo chake na ngamani bado ni kweupe. Kwa hivyo mzigo usio wa kontena hupimwa mara mbili. Kilo 1,000 ni tani moja, na mita moja ya ujazo, ile wafanyabiashara wanayoiita CBM, nayo huhesabiwa tani moja. Kipimo kilicho kikubwa ndicho kinacholipiwa.

Tuchukue kabati la halati: urefu mita 2.4, upana 2, kina 0.7. Zidisha, upate CBM 3.36. Kwa uzito ni tani 0.25 tu. Tuseme nauli ni dola 60 kwa tani. Kwa uzito angelipa dola 15, lakini kwa ujazo ni dola 201.60, na hiyo ndiyo atakayodaiwa.

Marumaru ni kinyume chake. Sanduku la mita 1.2 kwa 1 kwa 0.8 ni CBM 0.96, lakini likiwa na uzito wa kilo 1,800, utalipia tani 1.8, yaani dola 108.

Jambo la kukumbuka ni kwamba tepu hupita kwenye ncha za nje kabisa, pamoja na mbao na maboksi ya kufungia. Kiti chenye miguu hulipiwa hata hewa iliyo chini yake. Lau kabati lile lingefunguliwa, mbao zikapangwa kwenye furushi la mita 2.4 kwa 0.7 kwa 0.5, lingekuwa CBM 0.84, yaani dola 50.40. Zaidi ya dola 150 zimelipia hewa, ilhali fundi wa kuunga kabati yupo hapa hapa mtaani!

Kabla ya kukubali bei, muulize wakala maswali matatu. Kwanza, kuna kiwango cha chini? Wengine hulipisha tani moja nzima hata mzigo ukiwa nusu yake. Pili, nauli hii ina upakiaji na upakuaji ndani yake, au ni ya safari tupu? Hapo ndipo bei rahisi hugeuka ghali mzigo ukifika gatini. Tatu, kuna nyongeza gani? Mafuta ya meli, vitu virefu sana na vizito vya kuhitaji winchi maalumu huweza kutozwa zaidi.

Na hasara haiishii hapo. Hapa Kenya ushuru wa forodha hupigwa juu ya bei ya bidhaa, bima na nauli kwa pamoja. Nauli ikipanda, ushuru nao hupanda, na VAT huja juu ya vyote hivyo.

Kwa hivyo pima mwenyewe kabla mzigo haujaondoka dukani. Andika urefu, upana, kimo na kilo, piga picha tepu ikiwa juu ya mzigo, kisha linganisha na ankra. Zikitofautiana, dai upimwe tena mbele ya mtu wako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Halati amelipa, na harusi iko palepale inshallah. Lakini kitanda kinachofuata kitakuja kimefunguliwa.